Aliyesimamisha Kinubi

Kila ukoo wa mjini una kichaa wake. Wa jirani zetu alikuwa akihubiri sokoni amevaa gunia. Wetu alikuwa na mwandiko mzuri. Huyo ndiye kaka yangu Mahmudu, mtoto wa kwanza wa baba, na kosa lake kwa ufupi ni hili: aliacha kazi ya Serikali, akajifungia katika nyumba ya bati kule Rubongi, akaanza kuandika maisha ya mpiga kinubi.

Angeandika maisha ya sheikh fulani, tungekiweka kitabu juu ya kabati wageni wakione. Lakini yeye aliandika maisha ya Okware wa Bulumbi, Msamia, mnywaji wa busaa na mwongo aliyekubuhu, aliyepiga kinubi chake cha nyuzi nane kwenye harusi na matanga pande zote mbili za mpaka. Nilimuuliza kwa nini huyo, katika watu wote wa Mungu. Mahmudu akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji huteremka, kisha akafunga dirisha.

Nimesema dirisha kwa sababu mlango hakumfungulia mtu. Chakula nilimpitishia dirishani, nguo chafu zilitoka dirishani, na mlangoni alifunga bata bukini mwenye hasira kuliko mbwa yeyote wa Tororo. Aliandika akiwa amesimama, karatasi ameibandika ukutani, kwa kuwa eti mtu akiketi huanza kuandika uongo wa starehe. Watu walisema ana majivuno. Mimi nilijua hana hata chembe.

Mahmudu ana kigugumizi. Si kile cha kujikwaa kidogo na kuendelea, la. Neno linaweza kumkwama kooni mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana kazi ya stesheni ya Tororo ilimfaa sana: alikuwa mpiga simu, zile simu za zamani za kugonga tik-tik, kazi ya kusema kwa kidole. Kwa kidole alisema vizuri kuliko mkuu wa stesheni kwa mdomo. Kisha wakaleta simu ya kusemea, wakamwekea mezani. Alikitazama chombo kile kwa adabu, akachukua kofia yake, akaenda zake Rubongi.

Zile tik-tik hakuziacha. Nyimbo za Okware aliziandika kwa nukta na vistari, nukta kwa mlio mfupi, kistari kwa mrefu, mpaka ukuta ukafanana na manyoya ya kanga. Okware alipopiga popote karibu na Tororo, kaka yangu alisimama nyuma ya ua wa mtu, kofia imefunika macho, kidole kinagonga paja. Wimbo ulipokwisha aliondoka. Miaka yote hiyo hakumsalimu.

"Ukila na m-mtu," aliniambia, "utaandika m-mchuzi wake."

Basi mjumbe nikawa mimi. Mume wangu Muhamadi aliendesha lori la pamba, akizoa magunia Bulumbi na kuyaleta Tororo kwenye kiwanda, nami nilikwenda naye kuuza vitambaa siku za gulio. Nilibeba vitambaa kichwani na maswali ya Mahmudu mdomoni, na sijui kipi kilinichosha zaidi.

Okware alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye meno machache anayoyatumia kwa kucheka tu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, kisha akaanza kunidanganya.

"Mahmudu anauliza ulizaliwa wapi, mzee."

"Mwambie ndani ya mtumbwi, katikati ya mto Sio. Baba nashika kasia, mama nashika mimi."

Nikapeleka. Mahmudu akaandika, akanirudisha nikaulize mtumbwi ulikuwa wa nani.

"Mtumbwi gani?" Okware akashangaa. "Mimi nilizaliwa njiani, wakati ya nzige. Nzige ilifunika jua, mama akafikiri ni usiku, akalala. Kuamka, mimi niko pale."

"Mzee, wewe huoni aibu?"

"Aibu ya nini, Mama Hajarah? Mtu kuzaliwa mara moja tu, hiyo ni umaskini."

Mkewe Taaka alisonya kutoka kwenye jiwe lake la kusagia. Alikuwa mama mfupi, mnene wa mabega, asiyemaliza kusaga wimbi. Nilimwona mkali tu. Okware alipopiga kinubi mbele yangu na kidole kikateleza kwenye uzi usio wake, Taaka alikohoa. Kikateleza tena, akakohoa tena. Nikadhani ni moshi wa jikoni, nikamshauri anywe maji ya tangawizi.

Siku moja Mahmudu alitaka kuhakikisha wimbo mmoja kabla ya kuubandika ukutani moja kwa moja. Akanigongea kwenye sinia pale dirishani, akanigongea tena, akanilazimisha niurudie mpaka nikaushika. Njia nzima ya Bulumbi nilikuwa nagonga mlango wa lori, Muhamadi ananiuliza kama nimepandwa na shetani. Nilipofika nikamgongea Okware kwenye mkebe wa chai.

"Hii ni wimbo yangu!" Okware akaruka. "Sasa hii naweza kwenda kwa waya mpaka Mombasa?"

"Mwisho imebaki mlio moja," Taaka akasema, mikono imejaa unga, hata hakuinua kichwa.

"Eh," Okware akasema upesi. "Imebaki moja."

Nikarudi na ile moja. Mahmudu alifurahi, akaniazima kofia yake niende nayo nyumbani kwa ajili ya jua, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kunichinjia mbuzi.

Swali moja tu ndilo Okware hakulijibu hata kwa uongo. Nani alikufundisha? Nilipomuuliza alitazama vidole vyake. Nikamuuliza tena gulio lililofuata. "Hiyo aache," akasema. Mwongo yule, mwenye mahali pengi pa kuzaliwa, akakosa hata mwalimu mmoja wa kubuni.

Nilidhani kaka yangu atasikitika. Macho yalimng'aa dirishani kama ya mtoto siku ya Idi.

"Mtu akidanganya kila m-mahali ila mahali p-pamoja tu," akasema, "p-pale ndipo kitabu kilipo."

Huo ulikuwa mwaka ule Malkia alipovishwa taji, Tororo ikapambwa vibendera mpaka kwenye mikokoteni. Vidole vya Okware vilikuwa vimeanza kukakamaa. Wimbi lilipovunwa alitangaza kwamba Jumamosi inayokuja, kwenye soko la Busia, mbele ya watu wa ng'ambo zote mbili, ataweka kinubi chini. Na kwao mpiga kinubi akishaweka kinubi chini hakizungumzii tena. Kumuuliza habari zake ni kumtukana, na hakuna atakayekujibu, hata wanawe.

"Nani alinifundisha, nitasema siku ile peke yake," Okware akaniambia. "Lakini si kwa wewe. Huyu mwandishi yako aje mwenyewe asimamishe kinubi, aulize mbele ya watu. Mimi nachoka kuongea na dirisha."

Asiyejua desturi ya kusimamisha kinubi nimweleze. Wimbo ukiwa katikati, mtu yeyote anaweza kutupa senti kwenye sahani ya mpigaji na kuinua mkono. Kinubi kinanyamaza. Mtu huyo anajisifu, anamsifu mama yake au shemeji zake au fahali wake, na akimaliza anasema "Piga!" Kabla ya neno hilo mpigaji haruhusiwi kupiga uzi. Ila msemaji awe na ulimi wa kisu. Ole wake anayebabaika! Watu humzomea, humpigia miluzi, humwambia mpigaji aendelee, naye kwa kumhurumia huvunja sheria na kuuzika ule mkwamo chini ya wimbo.

Okware hakujua alichokuwa akimwomba kaka yangu. Habari za dirisha alizijua, lakini za kigugumizi sikuwahi kuzimwaga Bulumbi.

Nilipopeleka ujumbe, Mahmudu alishika ukingo wa dirisha. Kisha akasema, "S-s-s..."

"Huendi," nikamalizia.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kitabu chako kitakuwa kama nyumba yako," nikamwambia. "Kuta nzuri, mlango haufunguki. Kaka, mtu huyu umemwandika mpaka kikohozi cha mkewe, na salamu hujampa. Unaogopa nini? Watacheka? Waache wacheke, meno ni yao!"

Akanirudishia sahani, akafunga dirisha taratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililoniliza. Niseme kweli: kitabu kingeliwa na mchwa chote, nisingejali. Nilichotaka ni kaka yangu atoke mle ndani akiwa bado ana nguvu za kutembea, asije akatolewa na watu wamembeba.

Jumamosi asubuhi Muhamadi alisimamisha lori mbele ya nyumba, akapiga honi. Bata bukini akaanza kutupigia kelele. Honi tena. Mlango kimya, dirisha kimya. Nikamwambia Muhamadi aondoe gari, nikaanza kumtukana kaka yangu kuanzia Rubongi. Nilimwita konokono. Nilimwita kobe, nikajirekebisha, kwa kuwa kobe angalau hutoa kichwa. Busitema nilikuwa nimefika kwenye utoto wake. Karibu na Busia hasira iliniishia, nikabaki kumwombea dua kwa sauti, Muhamadi anaitikia amina huku anakwepa mashimo.

Tulipofika, Muhamadi alikwenda nyuma kunishushia vitambaa. Akafunua turubai, akasema, "Lahaula!"

Kaka yangu alikuwa ameketi juu ya marobota yangu, amevaa koti la stesheni lenye vifungo vya shaba, vumbi limempaka mpaka kope; kumbe bata alipokuwa akitupigia kelele, yeye alipandia nyuma.

"N-nusu ya njia umenitukana," akasema, "na n-nusu umeniombea."

Sikujua nicheke au nimpige. Nilimfuta uso kwa khanga yangu, naye akakubali kufutwa, mtu mzima yule.

Soko lilikuwa limefurika. Wasamia wa pande zote, Wateso, Wajopadhola, Waislamu wa mjini wenye maduka yao, akina mama na vikapu vya dagaa, kila mtu kambeba mwenzake kwa bega. Okware aliketi katikati kwenye kigoda, pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu ikigonga ubao wa kinubi, njuga zikiitikia. Taaka alisimama nyuma yake na kibuyu. Vidole vya mzee vilikuwa vizito kweli, na Taaka alikohoa mara nyingi siku hiyo.

Watu walisimamisha kinubi kwa zamu. Etyang, mchuuzi wa ng'ombe, alitupa senti yake akanyoosha fimbo. "Mimi Etyang! Ng'ombe yangu ikikohoa huku, Malaba nafunga milango! Piga!" Shangwe. Mama mmoja akamsifu mkwe wake mpaka mkwe akajificha. Kinubi kikalia, kikasimama, kikalia.

Ndipo nikasikia senti ikigonga sahani, na mkono ulioinuliwa ulikuwa na kifungo cha shaba.

Kinubi kikanyamaza.

"M-m-m..." akaanza Mahmudu.

Watu wakasubiri kidogo. Mtu akapiga mluzi. "M-m-m..." Kicheko kikaanzia upande wa wauza samaki, kikatembea. "Mzee, piga! Huyu amekwama!" akaita mmoja. Nilitamani nimkimbilie, nimsemee, nimfunike na khanga. Muhamadi akanishika mkono.

Okware hakupiga. Aliweka kiganja chake juu ya nyuzi zote nane, akainamisha kichwa kidogo, akamtazama kaka yangu bila haraka yoyote. Kicheko kikakosa pa kushika, kikafa.

"Mimi ni M-Mahmudu," kaka yangu akasema. "Ndiye wa d-dirisha. Sikuja kujisifu. Zamani, harusi ya sh-shangazi yangu, Tororo. Nilikuwa kijana. Nilisimamisha kinubi hiki nimsifu shangazi, n-nikakwama. Watu wakacheka. Wakakwambia p-piga." Akaonyesha kiganja cha Okware. "Wewe hukupiga. Uliweka mkono h-hivyo hivyo. Ukangoja mpaka nikamaliza. Hakuna m-mtu aliyewahi kuningoja, kabla wala b-baada. Ndiyo sababu n-ninakuandika."

Harusi ile mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, na nyumbani hakuna aliyenisimulia. Hata sisi ndugu zake humalizia maneno yake tukidhani tunamsaidia. Nilisimama katikati ya soko machozi yananitiririka, na sikuyafuta.

Okware, bwana wa maneno, alitahayari kama bwana arusi. Alitazama pembeni, akajikuna sikio.

"Ah, hiyo siku," akasema. "Hiyo siku mimi nilikuwa nimesahau wimbo, kijana yangu! Kichwa tupu kabisa. Nilikuwa naomba Mungu wewe usimalize!"

Soko likaangua kicheko, cha heri safari hii, na Mahmudu mwenyewe akacheka akishika magoti. Tungeishia hapo tukiwa tumeridhika, kama Taaka angenyamaza.

"Uongo!" akapiga kelele, kibuyu kimemwagika. "Mimi ndiyo nilifundisha wewe hiyo wimbo! Nyuma ya ghala ya baba yangu, uzi kwa uzi! Wewe haujasahau hata siku moja! Wewe ulingoja huyu mtoto kwa kupenda yako, sasa wewe nadanganya kwa nini?"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ukimya ulioshuka hapo hata mbuzi waliuheshimu. Kwao mwanamke hagusi kinubi. Wanasema nyumba atakamokigusa, ng'ombe watakauka maziwa. Na huyu amesema mbele ya watu wa nchi mbili kwamba alikifundisha.

Okware alivuta pumzi. Nilidhani ataleta nzige na mtumbwi.

"Ni kweli," akasema. "Baba yake alikuwa mpigaji, mtoto ya kiume hana. Huyu alijificha akajifunza kwa kusikiliza. Mimi nilikuja kuposa, sijui hata uzi moja. Yeye akasema hawezi kuolewa na mtu hana wimbo, akanifundisha. Kila kitu nyinyi mnasifu, ni yake. Mimi nilificha, ili watu wasimseme." Akamgeukia kaka yangu. "Wewe ulitaka kuuliza nini?"

"H-hilo hilo," Mahmudu akasema.

"Basi umejibiwa."

Akasimama, magoti yakalia. Akavua ile pete ya chuma mguuni. Akaweka kinubi chini, mavumbini, kama alivyoahidi, na watu wakaguna kwa huzuni. Lakini hakuondoka.

"Mimi nimeweka chini," akasema. "Sasa, desturi yetu imesema nani asiokote?"

Mzee mmoja wa Kisamia alianza kusema desturi ilisema nini. Hatukumsikia. Akina mama wa dagaa walipiga vigelegele, wakafuatwa na wa vitambaa nikiwamo mimi, Mwislamu mwenye heshima zangu, na yule mzee akabaki anachezesha midomo tu. Taaka alitazama kinubi. Alipangusa mikono, akakaa kwenye kigoda, akavaa ile pete. Akakipakata kinubi kama kitu chake kilichoazimwa muda mrefu.

Hapo ndipo sote tukakumbuka. Kinubi kilikuwa bado kimesimamishwa. Senti ya Mahmudu ilikuwa kwenye sahani, na bila neno lake hakuna wa kupiga uzi.

Kaka yangu alifungua mdomo.

"P-p-p..."

Neno lilikuwa limekwama hasa, ule mkwamo wa chai kupoa. Uso ulimwiva, vifungo vya shaba vikapanda na kushuka. Hakuna aliyepiga mluzi. Mimi neno lile nilikuwa nalo tayari kwenye ncha ya ulimi, nikaling'ata.

Taaka aliweka kiganja juu ya nyuzi zote nane, akainamisha kichwa kidogo, hana haraka yoyote, akamtazama kaka yangu vile vile kama mumewe alivyomtazama. Nikajua na hilo Okware alijifunzia wapi.

Soko zima la Busia likangoja.

"Piga," akasema Mahmudu.